Mashine ya Kanyere Inakimbia

Alhamisi, 13 Juni

Mashine imetangulia tena! Saa ya ukutani inasema 8h40. Mashine inasema 14h10. Nikatoka nje kuangalia jua. Jua liko upande wa saa ya ukutani.

Mashine hii, ordinateur au kompyuta, ilikuwa ya Kanyere, mke wangu. Yeye alipokea wateja wa sekretaria yetu, duka la kuandikia watu barua, hapa chumba cha mbele, akawauliza shida yao taratibu, akaandika. Mimi nilisoma makosa na kupiga muhuri. Sasa naandika mwenyewe, kwa vidole viwili. Kiti chake kipo. Wateja hawakikalii, sijui nani aliwaambia.

Ornella, binti yetu aliyeolewa Beni, ndiye aliyeondoa Windows na kuweka Linux. Alisema Linux haishikwi na virusi. Ni kweli, haijashikwa. Imeshikwa na haraka.

Apollinaire, mwenye sekretaria ng'ambo ya barabara, akavuka kuja kuona. Yeye ana Windows, na hakuna siku ananiacha nisahau. Alicheka mpaka akashika mlango. "Papa Abdias, ile mashine iko natafuta Kristmas!" Akanishauri nizime, niwashe. Nikazima. Kitufe cha kuwashia kikazama ndani, hakikurudi! Apollinaire akakichokonoa kwa ncha ya kisu dakika nyingi. Mashine ikawaka, na saa yake ilikuwa sawa kabisa, 9h00 juu ya 9h00. Nilipiga makofi peke yangu. Apollinaire alikuwa anapangusa kisu chake. Akasema hiyo ndiyo mara ya mwisho, nikizima tena nisimuite.

Nilikaa nikapima. Ukuta ulipotembea saa moja, mashine ilitembea saa moja na robo. Kwa siku nzima itakula saa sita.

Ijumaa, 14 Juni

Apollinaire amesema ni pile, yaani betri. Kuna kapile kadogo ndani, duara kama kifungo cha shati, ndiko kanakotunza saa. Nikanunua kapya. Nikafungua mashine kwa bisibisi ikiwa inawaka, kwa sababu ya kitufe. Nikabadilisha. Nikafunga. Skrubu mbili zimebaki mezani. Mashine inakimbia vilevile, na sasa inalia kidogo ikiinuliwa.

Mchana simu ya Kitsa, shemeji yangu, kaka mkubwa wa Kanyere. Yeye anakaa Beni. Hakuuliza habari yangu. Alisema misa ya mwaka ya dada yake ni Jumamosi ijayo tarehe 22, kwake Beni, na viti ameshaagiza. Nikajibu kwamba Kanyere aliishi Butembo miaka ishirini na tisa, katika nyumba hii, na hapa ndipo matanga yanapaswa kuondolewa. Kitsa akaniita shemeji kwa Kifaransa: "Beau, Kanyere alikuwa dada yangu mbele ya kuwa muke yako." Halafu simu ikakatika. Au aliikata.

Siku ya arobaini aliifanya kwake pia. Mimi nilipewa kiti mstari wa tatu, nyuma ya mama mmoja mwenye kilemba kikubwa. Nilisikia misa ya mke wangu, sikuiona. Mtu aliyekaa pembeni aliniuliza kama namfahamu marehemu.

Safari hii hapana! Misa itakuwa hapa. Watu watakaa katika nyumba yake, watakunywa kwa vikombe vyake. Nimevihesabu, ni kumi na vinne na kimoja hakina mkono.

Jumamosi, 15 Juni

Salongo asubuhi, kazi ya usafi ya mtaa mzima. Nilifagia mtaro mbele ya nyumba, upande wangu na kidogo upande wa jirani. Kanyere alikuwa akifagia na kuimba, mimi nikibeba takataka. Leo nimefanya yote mawili, bila kuimba.

Nikampigia Ornella juu ya mashine. Alifurahi kwamba nampigia kwa jambo linalomalizika. Akaeleza: "Papa, ndani ya mashine kuko masaa mingi, hapana moja. Ile ilichagua ya mubaya." Ile mbaya inaitwa tsc. Nzuri inaitwa hpet. Tunapaswa kuiamuru iache ya kwanza, ifuate ya pili. Basi.

Akaanza kunisomea amri kwa simu, herufi moja moja. Nusu saa nzima! Kila baada ya neno alisema mkwaju, yaani kile kimstari kinacholala upande. Niliweka vimstari vinavyolala upande mwingine. Tukaanza upya. Mwisho nikabonyeza, na mashine ikauliza neno la siri.

Nikamuuliza Ornella neno la siri. Naye akaniuliza mimi.

Kumbe mama yake alilichagua mwenyewe, siku ile Linux ilipoingia. Alifunika mikono yake kwa kitenge alipoliandika, akacheka. Ornella hakuliona. Mimi nilikuwa jikoni nikitafuta chumvi.

Halafu Ornella akasema mtoto analia, atanipigia.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa nilikaa mbele ya mashine na kalamu. Nilianza na abdias, bila wasiwasi wowote. Hapana! Nikaweka herufi kubwa. Hapana. Nikaongeza mwaka wa ndoa yetu. Hapana.

Ornella. Hapana. Masereka, ambako tulikutana, yeye akiuza sogi, zile mboga za majani, na mimi nikijifanya mnunuzi wa sogi. Nilinunua mafungu tisa siku ile, na sikuwa na nyumba wala chungu. Masereka, hapana. Sogi, hapana. Jina la mbuzi wetu aliyekula kitambulisho changu cha uchaguzi. Hapana. Jina la wimbo aliopenda wa kwaya. Hapana. Jina la Mtakatifu Rita. Samahani, Mtakatifu Rita.

Baada ya kila mara tatu mashine inakataa kabisa na ninapaswa kuanza amri yote tena, pamoja na mikwaju.

Nimejaribu maneno arobaini na moja. Yote niliyoyajua juu yake. Nikaishiwa kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu, 17 Juni

Nimepata! Siyo neno la siri. Nimepata kitu kikubwa zaidi.

Ornella aliwahi kuweka katika mashine programu ya kutuma mesaji kwa watu wengi pamoja, kupitia ule ufunguo wa intaneti wenye SIM ndani. Ni kwa ajili ya wateja wanaotangaza mikutano na harusi. Unaandika mesaji, unaweka siku na saa, unaondoka. Saa ikifika, mashine inatuma yenyewe.

Mpango wangu. Nikitangaza misa mapema, Kitsa atakimbilia redio ya Beni na kunizima. Kwa hiyo nanyamaza. Nanyamaza mpaka Ijumaa 21, 9h00 asubuhi. Hapo mesaji inaruka kwa familia nzima pamoja: Masereka, Mabalako, Eringeti, wote sitini na wanne. Wana siku nzima ya kusafiri. Kitsa hana tena siku ya kubishana. Naye simtumii! Atasikia kwa watu.

Nimeandika hivi: "Misa ya mwaka ya Kanyere ni kesho, 6h30, Butembo. Tunaondoa matanga katika nyumba yake. Karibuni wote. Abdias, mume wake." Nilitafakari sana juu ya yale maneno mawili ya mwisho. Nikayaacha.

Sasa, mashine inakimbia, hilo nalijua. Mimi si mtoto. Leo 9h00 kamili nilitazama ukuta, nikatazama mashine. Ukuta Jumatatu 9h00. Mashine Jumanne 9h00. Imetangulia siku moja kamili, bila dakika ya ziada! Ni kama imenisaidia. Kwa hiyo mimi ninayetaka Ijumaa, nimeiandikia mashine Jumamosi 9h00. Nimeongeza siku moja. Hesabu ya darasa la tatu.

Nani anahitaji neno la siri?

Jumanne, 18 Juni

Daudi alipita kunisalimia. Ni jirani yangu, dereva wa teksi ya Beni na Butembo, anakwenda na kurudi kila siku ya Mungu isipokuwa Ijumaa mchana, wakati wa sala yake. Macho yangu Beni ni yeye. Amesema Kitsa ameshusha viti sitini vya plastiki mbele ya nyumba yake, na amefunga mbuzi mweupe kwenye nguzo ya umeme. Amesema pia kwamba Kitsa amekonda.

Nikamuuliza Daudi kama Kitsa ana shaka yoyote. Daudi akanitazama. "Shaka ya nini, muzee? Weye iko na mambo gani tena?" Nikasema hakuna jambo. Nilicheka vibaya, nadhani.

Jioni nilipika ugali wa watu wawili. Tena. Mkono wangu hautaki kujifunza kile kipimo. Nusu nilimpelekea Apollinaire. Alikula akiwa amesimama, akanikumbusha kwamba saa ya Windows haikimbii.

Jumatano, 19 Juni

Kimya. Mpango unapika wenyewe.

Nilikwenda parokiani kuandikisha nia ya misa ya Jumamosi. Katekista Malachie aliandika jina la Kanyere katika daftari kwa mwandiko mzuri. Akauliza kama familia itakuja. Nikamwambia angoje aone. Akasema siku ya mwaka watu huwa wachache, wameshasahau, nisivunjike moyo. Ndiyo maana sikulala usingizi wa mchana.

Je, wasipokuja? Nikihesabu walionipigia simu mwaka huu, bila Ornella, Daudi na Kitsa, nabaki na mtu mmoja, na yeye alikosea namba.

Chakula nitanunua Ijumaa asubuhi. Hakuna haraka.

Alhamisi, 20 Juni

Balaa!

13h45 nilikuwa naandika barua ya mteja anayeomba kazi ya ulinzi. Ule ufunguo wa intaneti ukaanza kupepesa taa ya kijani. Nikafikiri ni ugonjwa mpya. Nikaupuliza. Ukaendelea. Halafu kwenye kioo: mesaji 1 ya 64 imetumwa. Mesaji 2 ya 64. Mesaji 3!

Nikauchomoa. Mteja akasema labda niurudishe, unaweza kuharibika. Nikaurudisha! Ukaendelea na 4. Nikashindwa kuamua tena. Mpaka nimemaliza kushindwa, zote zimekwenda.

Nilitazama mashine. Jumamosi, 9h00. Nilitazama ukuta. Alhamisi, 13h48. Nikaelewa, mdomo wazi. Jumatatu ilikuwa imetangulia siku moja, lakini haikusimama pale kuningoja. Iliendelea kukimbia!

Na mesaji inasema kesho.

Simu ya kwanza ilikuwa ya shangazi Syauswa wa Masereka, mwenye miaka themanini. Alikuwa tayari juu ya pikipiki, nilisikia upepo. "Ee Abdias, mbona umechelewa kutuambia, lakini tuko njiani!" Nikataka kumwambia ashuke. Ungemwambia mama wa miaka themanini, juu ya pikipiki, kwamba ashuke? Nikasema karibu.

Kutuma mesaji nyingine ya kusahihisha? SIM imekwisha salio. Na Kitsa angecheka mpaka mwaka ujao.

Nikakimbia parokiani. Katekista Malachie akasema kesho 6h30 kuna misa kama kila siku, nia ni ya mvua za mashamba, lakini nafasi ipo. Akaandika jina la Kanyere chini ya mvua. Nikakimbia sokoni. Viazi, maharagwe, makayabu, yaani samaki wa chumvi, na sombe, majani ya muhogo. Nimebeba mwenyewe. Apollinaire alisimama mlangoni mwake akaniona napita mara tatu. Mara ya nne alichukua gunia langu, akalibeba yeye. Nilimchukia kidogo kwa wema wake.

Ijumaa, 21 Juni

Wamekuja.

Sijui niandike vipi. Nilifika kanisani 6h10, nikakaa benchi la mbele, sikutaka kugeuka. Nikasikia viatu. Viatu vingine. Watu wa Eringeti walikuja na kamiyo, lori la mizigo, vumbi mpaka kwenye kope. Watu wa Mabalako walibeba ndizi. Padri alipotoka sakristia alisimama, akamtazama Malachie. Siku ya kawaida ana mama saba na mzee mmoja anayekohoa. Aliombea mvua kwa haraka, halafu akasema jina la Kanyere polepole, na nyuma yangu wote waliitika. Ilikuwa sauti kubwa. Nilidhani ni watu mia.

Walikuwa hamsini na wawili. Vikombe kumi na vinne!

9h00 gari la Daudi likasimama nje. Juu ya gari, viti vya plastiki vimefungwa kwa kamba kama mnara. Ndani, Ornella, mtoto wake, mbuzi mweupe, na Kitsa. Kitsa alishuka, akapita katikati ya watu bila kusalimia, akaja mpaka jikoni. Aliona vyungu vyangu. Shangazi Syauswa alikuwa ameshavitwaa, lakini vilikuwa vitatu tu. Kitsa akaniuliza mimi ni mtu wa namna gani. "Unaita batu kutoka Eringeti, unabapatia nini? Kioo ya ordinateur?" Akasema watu arobaini wamempigia simu kumuuliza kwa nini misa imehama, na imehama mpaka siku! Alijibu nini? Alijibu kwamba anajua. Alidanganya kwa ajili ya familia. Halafu akauliza kisu kiko wapi, kwa mbuzi.

Baada ya kula akataka kuiona hiyo mashine iliyomletea aibu. Ornella akakaa kwenye kiti cha mama yake. Sikumzuia. Akaandika ile amri kwa pumzi moja, na mashine ikauliza neno la siri. Nikaeleza kwamba nimejaribu maneno arobaini na moja, hakuna anayelijua.

Kitsa alikuwa amesimama nyuma yetu, anatoa nyama kwenye meno kwa kijiti. Akasema mujaribu neno kapita.

Ornella akaandika. Mashine ikakubali.

Kapita alikuwa mbwa. Mbwa wao wa Mabalako, walipokuwa watoto. Mweusi, miguu ya mbele imepinda, alimsindikiza Kanyere shuleni na kumngoja chini ya dirisha mpaka kengele. Alipokufa Kanyere alikataa kula siku mbili. Kitsa alisema kila kitu cha siri tangu utotoni dada yake alikiita Kapita. Hata sanduku lake la nguo.

Miaka ishirini na tisa, sikuwahi kusikia habari ya mbwa.

Ornella ameshatengeneza. Ameiambia mashine ifuate hpet, ameweka tarehe na saa. Mashine na ukuta vinakwenda pamoja. Wote walisifu. Mimi nilimvuta Kitsa upande wa ua, nikamuuliza mbwa alikuwa mkubwa kiasi gani. Akaonyesha kwa mkono, hapa, gotini. Nikamuuliza alikula nini. Akaanza kueleza, akasahau kunikasirikia.

Jumamosi, 22 Juni

Kwa kuwa wapo, na leo ndiyo tarehe yenyewe, hakuna aliyeondoka. Tulirudi kanisani. Misa mbili! Katekista Malachie amesema tangu awe katekista hajaona mtu wa kawaida mwenye misa mbili za mwaka. Nilimwambia familia yetu ndivyo ilivyo.

Nyumbani Kitsa alinitoa kile kitambaa cheusi nilichokuwa nimekibana kifuani mwaka mzima. Pini ilikuwa imeshika kutu, akanichoma. Akasema "pardon", mimi nikasema "wasingya", asante ya kikwetu, tukatazama pembeni wote wawili.

Akaniambia tupatane mbele ya watu. Mwaka huu Butembo, sawa. Mwaka ujao Beni, na mimi nitakaa mstari wa kwanza. Nikakubali. Nikampa mkono. Shangazi Syauswa akapiga vigelegele, kwa hiyo imekwisha, ni neno la mwanamume.

Jumapili, 23 Juni

Wameondoka. Kamiyo kwanza, halafu pikipiki, mwisho Daudi na viti. Kitsa alitoa kichwa dirishani akasema mbwa yule pia aliogopa bata. Alikuwa amesahau kunieleza.

Nimeosha vikombe. Nimebaki na kumi na kimoja.

Jumatatu, 24 Juni

Mteja mmoja tu. Barua fupi.

Mashine iko sawa kabisa. Nimeipima asubuhi yote: ukuta ukienda saa moja, nayo inaenda saa moja. Sikujua saa moja ni ndefu hivi. Kuanzia 9h00 nilifagia, nikapanga karatasi, nikaketi, nikasimama, nikaenda kuangalia kama Apollinaire ana wateja. Niliporudi ilikuwa 9h35. Zamani wakati huo ingekuwa karibu 9h45, na mtu unaona kwamba unakwenda mahali.

Kwa hiyo nimefungua ile amri. Naijua sasa, na mikwaju yake. Nimefuta hpet, nimeandika tsc. Mashine ikauliza neno la siri, na nikaliandika polepole, herufi moja moja. Ni raha kuliandika. Ikakubali. Inakimbia.

Halafu nimeandika mesaji mpya kwa watu sitini na wanne. Misa ya mwaka wa pili ya Kanyere ni kesho, 6h30, Beni. Nimeliweka jina la Kitsa pia, namba sitini na tano, tusigombane. Itaruka mwaka ujao, tarehe 21 Juni, 9h00 asubuhi. Najua mashine inakimbia, kwa hiyo safari hii sikufanya uzembe. Nimeongeza siku moja.